Niulize Mimi

"Analala? Anakula? Anameza dawa?"

Maswali hayo niliulizwa mimi, miaka kadhaa iliyopita, katika chumba cha daktari nilikokuwa nimemsindikiza jamaa yangu. Mwenyewe alikuwa ameketi kati yetu, goti lake likigusa meza. Nikajibu kwa niaba yake: analala, anakula, anameza. Tulipofika langoni akaniambia, "Silali. Mngeniuliza ningewaambia." Kiswahili hakidai mengi ili kumgeukia mtu, ni herufi moja tu, analala iwe unalala. Herufi hiyo mimi na daktari tulimnyima, na jamaa yangu akarudi nyumbani na dawa za mtu anayelala.

Mjadala huu nimeuandika kwa ajili ya herufi hiyo. Nimeuweka Kaptembwo, magharibi mwa jiji la Nakuru, jirani na Rhonda na si mbali na ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru, kwa sababu huko ugonjwa wa akili hauna pa kujificha. Ploti ina lango moja, vyumba ishirini, bomba moja na vyoo vya pamoja. Kikohozi cha jirani unakisikia ukutani. Mtu mmoja akikosa usingizi, ploti nzima inakosa. Na uamuzi juu yake, afungwe au aachwe, apelekwe hospitali kuu ya kaunti, au Gilgil, au kwa mchungaji, hufanyika pale langoni usiku, kabla daktari yeyote hajalijua jina lake. Wanaosema hapa chini sikuwapa majina. Si watu fulani. Ni misimamo ambayo nimekutana nayo mara nyingi, nikaiketisha kwenye benchi za kibanda kimoja cha chai, na kila mmoja nikaupa maneno yenye nguvu kadiri nilivyoweza.

Wa kwanza kusema ni mzee wa Nyumba Kumi, maana simu ya usiku hupigwa kwake.

MZEE: Mimi sina vita na mtu. Ila niwaeleze usiku unavyokuwa. Saa nane, kijana ametoka chumbani bila shati, anagonga milango, anasema tumemtilia sumu kwenye bomba. Watoto wanalia. Wanaume wanatoka na rungu. Nikichelewa dakika kumi nitakuta maiti. Basi tunamshika, tunamfunga mikono kwa kamba ya kuanikia nguo, tunachanga nauli ya Probox, tunampeleka. Najua kamba si nzuri. Lakini mnaponiambia nisikilize sauti ya mgonjwa, mnataka nisikilize ipi? Hiyo ya sumu kwenye bomba?

MWANACHAMA: Hiyo ni sauti ya mwisho, Mzee. Mimi nilipolazwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema kwa wiki mbili. Nilimwambia mume wangu silali. Nikamwambia dada yangu redio inanisema. Nikamwambia mchungaji. Kila mmoja akanipa ushauri: pumzika, omba, punguza mawazo. Hakuna aliyeniuliza swali la pili. Siku niliyopiga kelele ndipo wote waliposikia, na siku hiyohiyo wakanifunga.

MZEE: Sasa mimi ningejuaje ya wiki mbili nyuma?

MWANACHAMA: Wewe usingejua. Mwenzangu angejua. Katika kikundi chetu cha waliopitia ugonjwa huu yupo mama mmoja anayejua kwamba nikianza kufua usiku, hali inakuja. Hakulisoma popote. Yeye mwenyewe hali ikimjia hufagia.

MUUGUZI: Dada, nimekusikia, na nisingependa udhani nakupinga kwa sababu ya sare yangu. Lakini wodini naona jambo ambalo wewe hulioni ukiwa umelala kitandani. Kuna ugonjwa unaomwambia mtu kwamba haumwi. Anakataa hata maji, kwa kuwa ana hakika yana sumu. Nikimngoja aridhie, atanifia mikononi.

MWANACHAMA: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, Sista.

MUUGUZI: Nakubali. Lakini kuwajua kunguni si kuijua dawa yao.

MWANACHAMA: Basi tuzungumze dawa. Siku ya tatu wodini shingo ilipinda upande, taya likakaza, macho yakapanda juu yakakataa kushuka. Nikamwita muuguzi wa zamu. Akaandika kwenye faili: mgonjwa anasumbua. Kesho yake daktari akalisoma faili, akaongeza dozi.

MUUGUZI: Dozi ya nini?

MWANACHAMA: Haloperidoli.

MUUGUZI: Hiyo ilikuwa dawa, haikuwa wewe. Misuli hukaza hivyo kwa baadhi ya watu siku za mwanzo. Ipo ya kuilegeza. Wengi wanaijua kwa jina la Artane. Ulipaswa kupewa saa ileile.

MWANACHAMA: Nilijua kwa mwanamke wa kitanda cha pili. Alikuwa amelazwa mara nne. Akanifundisha maneno: usiseme shingo inauma, sema misuli imekaza tangu nianze dawa. Nikayasema, nikapewa.

Hapa naomba kuingilia, kwa kuwa neno "anasumbua" lina ukoo mrefu nchini Kenya. Hospitali ya Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, kuwa mahali pa kuwafungia waliohesabiwa vichaa. Kuanzia 1938 hadi 1950 ilisimamiwa na J. C. Carothers, daktari aliyekabidhiwa kazi hiyo bila mafunzo ya magonjwa ya akili. Aliyoyaona humo yakamtosha kuandika kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika, na Shirika la Afya Duniani likakichapisha mwaka 1953. Alimlinganisha Mwafrika mwenye afya yake na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata yakachapishwa maandishi yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, ambamo watu waliokuwa wakidai ardhi na uhuru walielezwa kama watu waliovurugika nafsi. Madai yakageuzwa dalili. Bonde la Ufa lilijaa vibarua wa mashamba ya walowezi ambao kilio chao kilisomwa hivyohivyo.

Shirika lilelile, Juni 2021, lilitoa mwongozo juu ya huduma za afya ya akili katika jamii. Miongoni mwa mifano iliyosifiwa kutoka sehemu mbalimbali za dunia kimo kikundi cha Nairobi, Nairobi Mind Empowerment, kinachoendeshwa na watu waliopitia wenyewe, chini ya chama cha Users and Survivors of Psychiatry in Kenya kilichoanzishwa mwaka 2007. Miaka 68 imepita kati ya kurasa hizo mbili. Mzungumziwa amekuwa msemaji. Sitaki tuupite mgeuko huo haraka, kwa sababu Kaptembwo bado haujafika kwenye kila lango.

MUUGUZI: Jina la chama hicho, kwa Kiswahili, ni watumiaji na manusura wa tiba ya akili. Neno manusura linaniuma. Manusura wa ajali, manusura wa mafuriko. Sasa manusura wangu mimi? Zamu ya usiku tunakuwa wawili na wodi imejaa kupita vitanda. Dawa ikiisha, namwambia mama wa watu akanunue kemisti, naye hana. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Mimi janga hilo naliosha kila asubuhi kwa jiki na maji. Sijamfunga mtu kwa kumchukia.

MWANACHAMA: Sikusema unanichukia. Nilisema shingo yangu ilipinda.

Mama, wa nne kwenye benchi, alikuwa kimya wakati wote, akiupoza mkono kwenye kikombe kilichokwisha kupoa. Ndiye ninayemwogopa zaidi katika mjadala huu, na ndiye niliyemsikiliza kwa makini zaidi.

MAMA: Nyinyi mna maneno. Mimi nina mtoto wa miaka thelathini na mmoja. Aliugua akiwa kidato cha nne, sasa ni miaka kumi na mitatu. Namwogesha akikataa kuoga. Namfulia. Ana rafiki aliyemwambia zile dawa zinamfanya zezeta, aache. Akaacha. Wiki ya tatu alitoka usiku akaingia ploti ya watu kufungua milango, wakaita mwizi. Unajua mwizi anafanywa nini hapa. Aliletwa kwangu na jino mkononi. Yule rafiki sikumwona hospitalini hata siku moja. Na wewe binti yangu, unaongea vizuri, umesuka nywele, unakumbuka hata jina la dawa. Wewe umepona. Mwanangu haongei. Nikikuachia wewe umsemee, utakuwa umekalia kiti changu tu.

MWANACHAMA: Hilo la mwisho, Mama, sina jibu lake zima. Ni kweli, wanaofika mikutanoni ni wanaoweza kutembea hadi mikutanoni. Tunawatembelea wengine, na kuna nyumba tunakaa saa nzima bila neno. Lakini kuhusu dawa niseme. Sisi hatumwambii mtu aache. Mtu akitaka kupunguza, tunakwenda naye kliniki wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika, kwa sababu mwenyewe akiwa na hofu atasahau jibu kabla ya kufika stendi. Mwenzetu mmoja alikuwa anameza sodiamu valproeti naye anataka mtoto. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anataka mtoto.

MUUGUZI: Na valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Hilo ni letu kusema mapema, mimba haijaingia.

MWANACHAMA: Nyinyi mlimuuliza kama analala. Sisi tulimuuliza anataka nini mwaka ujao. Hapo ndipo mtoto alipotajwa.

MAMA: Na usiku wa manane? Huyo wa kuandika anakuwepo?

MWANACHAMA: Kila mmoja wetu ana karatasi. Ni ukurasa wa daftari la shule, haina muhuri. Unaiandika siku ambazo uko sawa. Yangu inasema: nikikosa usingizi siku tatu, mpigieni fulani. Laini yangu ya simu achukue yeye, maana hali ikinipanda nakopa Fuliza na kila mkopo wa simu ulioko, nagawa pesa barabarani, halafu nalipa mwaka mzima. Watoto waende kwa dada. Haloperidoli hapana, nimeeleza kwa nini. Sindano nyingine nakubali, nikiambiwa kwanza jina lake. Kamba hapana. Nikishikwa, nishikwe na wanawake. Na mwisho nimeandika: msinidanganye kwamba tunakwenda harusini.

MZEE: Harusini?

MWANACHAMA: Ndivyo nilivyopelekwa mara ya pili. Nilivaa nguo nzuri.

MZEE: Sasa nikuulize, na usinikasirikie. Usiku umefika. Karatasi inasema sindano unakubali. Wewe pale mlangoni unapiga kelele hutaki. Nimsikilize nani? Wewe wa karatasi au wewe wa mlangoni?

MWANACHAMA: Wote wawili ni mimi.

MZEE: Hilo si jibu. Nina ploti nzima nyuma yangu.

MWANACHAMA: Ndilo jibu nililonalo. Usimtupe wa mlangoni kwa sababu umeshika karatasi ya mwingine. Ongea naye. Mwite yule niliyemwandika, akae nami, hata saa mbili, hata tatu. Mara nyingi ninachokataa si sindano, ni watu sita walionizunguka. Na kama mwishowe mtanipeleka kwa nguvu, basi kesho yake aje mtu aniulize ilikuwaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

MUUGUZI: Mimi hapo natofautiana nawe. Saa tatu ni nyingi. Nimeona saa tatu zikimaliza mtu. Karatasi nitaifuata, na nitaifurahia, kwa sababu inaniambia mambo ambayo faili halisemi. Lakini akitaka kujitupa barabarani sitangoja rafiki yake ashuke matatu.

Muuguzi na Mwanachama hawakupatana hapo, na sikutaka kuwapatanisha kwa kalamu. Sheria nayo imesimama katikati yao. Ile ya afya ya akili ya mwaka 1989 ilimpa hata chifu na naibu wake uwezo wa kumshika mtu aliyeonekana kuwa hatari na kumfikisha hospitali. Marekebisho yaliyotiwa saini Juni 2022, ambayo mswada wake uliletwa na Seneta Sylvia Kasanga, yaliingiza ridhaa ya mgonjwa, yakampa nafasi katika kupanga matibabu yake, yakazipa kaunti wajibu wa kuipeleka huduma mashinani. Kulazwa bila hiari hakukuondolewa, kuliwekewa masharti. Kwa upande mwingine, mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine na asaidiwe kuutumia, asinyang'anywe. Ilhali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 83, bado inamzuia kuandikishwa kama mpiga kura mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu. Nchi moja, herufi mbili: hapa unaamua, pale anaamuliwa.

Kwangu mimi karatasi ya daftari ina uzito kuliko vifungu vyote hivyo usiku wa manane, kwa sababu ipo kwenye ploti, na Mzee anaweza kuisoma kwa tochi ya simu.

MZEE: Niseme kitu ambacho sijakisema. Zamani kidogo kulikuwa na kijana hapa aliyejaribu kujiua, tukamwahi. Mimi nilimpeleka kituo cha polisi. Sheria ilikuwa hivyo, kujaribu kujiua ni kosa, na mimi ni mtu wa sheria. Alilala seli. Nilidhani namsaidia, kwamba humo ataangaliwa.

MUUGUZI: Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Kiliwafunga watu midomo. Mtu angeniambia vipi kwamba anawaza kufa, ikiwa maneno yake ni nusu ya kesi?

Kifungu hicho Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025, katika uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi. Kesi ilipelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili, na mtetezi wa afya ya akili Charity Muturi. Madaktari na watetezi walisimama upande mmoja mahakamani. Nalitaja kwa ajili ya Muuguzi na Mwanachama, ambao kwenye benchi hii walikuwa wameanza kupeana migongo.

MZEE: Na ile Januari ya 2008, ya ghasia za baada ya uchaguzi. Mnajua Kaptembwo ilivyokuwa. Nyumba zilichomwa, watu wakalala uwanja wa maonyesho miezi mingi. Waliobaki hawakulala. Mimi sikulala karibu mwaka. Nilikuwa nazunguka ua usiku, nikisikia hatua za watu wasiokuwepo. Sikumwambia mtu.

MWANACHAMA: Kwa nini hukusema, Mzee?

MZEE: Ningemwambia nani? Jirani niliyekuwa namwogopa, au mke wangu aliyekuwa ananiogopa mimi? Lakini msinielewe vibaya. Kamba bado iko nyuma ya mlango wangu. Sijaona cha kuweka mahali pake.

MUUGUZI: Mimi nimeona, kidogo. Kule Kampala, hospitali ya Butabika imewafundisha watu waliowahi kulazwa, wakawa wafanyakazi wa kuwasaidia wenzao. Dar es Salaam nako mpango wa namna hiyo umefanyiwa majaribio. Tungekuwa na wawili kama Dada hapa, zamu ya usiku ingebadilika. Mgonjwa mpya angepokelewa na mtu aliyewahi kulalia godoro lilelile.

MWANACHAMA: Nitakuja, Sista, mkinilipa. Msiniite kujitolea miaka mitano kwa kofia na fulana. Lakini hata mkinilipa, hicho si kikundi chetu. Nikivaa beji ya hospitali, nitamripoti nani kwa nani? Mwenzangu akiniambia amezitupa dawa chooni, niandike kwenye faili? Kule kwetu anasema kwa sababu hakuna faili. Tunachanga shilingi hamsini, mmoja anapata mtaji wa sukuma wiki, mwingine nauli ya kliniki. Ni chama kama vyama vingine vya akina mama. Hatuna daktari wa kutuidhinisha, na hatumhitaji kwa hilo.

Hapo nasimama naye. Hospitali iajiri waliopitia, na iwalipe. Lakini kikundi kibaki cha wenyewe, na kaunti ikipata fedha za afya ya akili ikipe kikundi kama kikundi, bila kukitundika chini ya wodi. Sababu ni ileile ya mwanamke wa kitanda cha pili. Alichomfundisha mwenzake kilikuwa ni namna ya kusema na hospitali. Angekuwa amevaa beji ya hospitali, sina hakika angethubutu.

MUUGUZI: Na kikundi kikikosea? Mkimwambia mtu jambo la hatari kama yule rafiki wa mtoto wa Mama?

MWANACHAMA: Tutakosea, kama wodi inavyokosea. Sisi tukikosea tunakutana sokoni kesho yake.

MAMA: Mnakutana lini?

MWANACHAMA: Jumamosi, saa nane, ukumbi wa kanisa. Chai ipo.

MAMA: Jumamosi ni siku yangu ya kufua. Lakini sawa. Atakuja. Nitamleta.

MWANACHAMA: Mama, umemuuliza?

Mama alikiinua kikombe, akakuta hakina kitu, akakirudisha mezani.

MAMA: Miaka kumi na mitatu simuulizi kitu, isipokuwa kama amemeza. Sasa saa hizi amelala.

MWANACHAMA: Mwache alale.

MAMA: Nitamuuliza akiamka. Akisema hapana?

MWANACHAMA: Utakuwa umemsikia akisema.